Maumivu Yakipata Maneno, Yanapata Mwenzi

Masomo ya kusoma kwanza: Zaburi 88; Matendo 17:16-34; Warumi 15:4



Wapendwa vijana, wiki hii tukae na swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja tangu nianze mwaka wangu wa kichungaji hapa Pemba. Kijana mmoja aliliuliza hivi: "Frateri, mimi nina shida za kweli. Kodi ya chumba, kazi haieleweki, nyumbani wanasubiri nitume hela. Sasa riwaya na mashairi yatanisaidia nini? Si afadhali nisali tu?"

Swali hili si la kupuuza. Mtu mwenye njaa hali kitabu. Na mimi niliyesoma falsafa miaka kadhaa kabla ya kuja huku najua jinsi ilivyo rahisi kwa mtu wa vitabu kusifia vitabu. Kwa hiyo nitajibu polepole, na nitajibu kwa mambo yaliyotokea, si kwa nadharia tupu.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Fasihi haiondoi shida. Inachofanya ni kuyapa maumivu yako maneno, na maumivu yakishapata maneno, mtu mwingine anaweza kuyapokea. Hapo upweke unaanza kulegea. Hapo ndipo jumuiya inapoanzia. Tutazame hatua kwa hatua.

1. Zaburi isiyo na mwisho mzuri

Kwa wale msioijua Pemba: huku Wakatoliki ni wachache sana. Wengi wetu ni watu wa kutoka bara, walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, pamoja na familia zao. Jirani zetu karibu wote ni Waislamu, na tunaishi nao vizuri. Lakini kuna upweke wa aina yake unapokuwa kisiwani mbali na kwenu. Kati yako na nyumbani kuna bahari, na bahari haina huruma kila siku. Watu wa huku hawajasahau usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba na mamia ya watu wakapoteza maisha. Ukimwambia Mpemba "safari njema", anajua unasema nini.

Kijana mmoja wa kundi letu alifiwa na mama yake huko bara. Siku ile bahari ilikuwa imechafuka na boti hazikutoka. Alipopata nafasi ya kuvuka, mama alikuwa ameshazikwa. Aliporudi Pemba alikuwa anakuja kanisani kama kawaida, anaimba, anasalimia watu. Ila aliniambia kwamba akifumba macho kusali hakuna neno linalotoka. Alidhani imani yake imekufa.

Sikuwa na hotuba ya kumpa. Nilimpa Zaburi ya 88.

Hebu isome leo kabla ya kulala. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio na kumalizia na sifa. Mtu analia mwanzoni, lakini kufikia mwisho ameanza kumshukuru Mungu. Ya 88 haifanyi hivyo. Mwenye kusali analia kwamba ametupwa shimoni, rafiki zake wamemkimbia, Mungu amemficha uso. Unasubiri aya ya faraja, haiji. Zaburi inaishia gizani. Na cha ajabu, Kanisa halikuiondoa. Limeiweka katika Sala ya Vipindi, tunaisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, siku ileile tunayokumbuka mateso ya Bwana. Yaani kila wiki Kanisa zima linakubali kulala na maneno ya mtu ambaye bado hajaona mwanga.

Yule kijana aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe kuna mtu alishamwambia Mungu hivi?"

Ndiyo, alishamwambia. Na mtu huyo alikuwa mshairi. Zaburi ni mashairi, tusisahau. Watu wa Mungu walipoumia hawakuandika ripoti, walitunga. Na kwa sababu walitunga, Mwisraeli wa zamani ambaye hatulijui hata kaburi lake ameweza kumkuta kijana wa Kitanzania chumbani kwake, akamkopesha maneno siku ambayo hakuwa na yake. Mtakatifu Paulo anatuambia kitu kama hicho katika Warumi 15:4, kwamba yaliyoandikwa zamani yaliandikwa kutufundisha sisi, ili kwa saburi na faraja ya Maandiko tuwe na tumaini. Angalia Paulo ameweka nini pamoja: maandishi, saburi, faraja, tumaini.

Mama wa yule kijana hakufufuka. Lakini tangu siku ile alikuwa na kitu cha kumwambia Mungu, hata kama ni malalamiko. Malalamiko nayo ni sala, mradi unamlalamikia Yeye.

2. Mtu aliyeandika peke yake gerezani

Utasema: sawa Frateri, hiyo ni Biblia, Neno la Mungu. Mashairi ya watu wa kawaida je?

Nikupe habari ya kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946. Mwaka 1968 aliandika waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Serikali ya wakati ule haikupenda swali hilo. Alifungwa miaka mitatu, kuanzia Machi 1969 hadi Machi 1972. Alipoingia gerezani alikuwa na miaka 22. Ni umri wa wengi wenu mnaosoma hapa.

Alitengwa, hakuchanganywa na wafungwa wengine. Karatasi hakuwa nayo, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Alipotoka, mashairi yale yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Miaka michache baadaye, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o naye akiwa kizuizini Kamiti aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu kwenye karatasi za aina hiyohiyo.

Sasa nataka uone jambo moja ndani ya Sauti ya Dhiki. Kuna shairi linaitwa "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ni ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mmoja anasema, mwingine anamjibu, beti kwa beti. Fikiria basi: mtu amefungiwa peke yake, hana wa kuongea naye, na anatunga nini? Anatunga mazungumzo. Anawaweka watu wawili mbele yake, anampa kila mmoja haki ya kusema, hata yule ambaye pengine yeye mwenyewe hakubaliani naye.

Falsafa inatuambia binadamu ni kiumbe wa jumuiya, Aristotle alishalisema hilo. Lakini nilipolisoma shairi hili nikijua limetungwa wapi ndipo nilipoona maana yake. Ukimfungia mtu peke yake, na akabaki na lugha, atawaita watu waje. Jumuiya tunaibeba ndani ya lugha yenyewe, kwa sababu hakuna aliyejitungia lugha. Tulipewa na mama zetu, na majirani, na watu waliokufa zamani.

Wakristo tunao mfano wa namna hii tangu karne ya 6. Boethius, msomi wa Roma, alifungwa akisubiri kuuawa, akaandika kitabu ambamo Falsafa inamtokea kama mwanamke na kuzungumza naye. Kitabu hicho kimewafariji watu kwa miaka zaidi ya elfu moja. Boethius, Abdilatif, mwandishi wa Zaburi ya 88: tofauti zao ni kubwa, za dini, za nchi, za nyakati. Ila wote watatu walikuwa peke yao, na wote watatu waliandika kana kwamba yupo anayesikiliza. Sisi tunaowasoma leo ndio tunaothibitisha kwamba hawakukosea.

3. Shairi ambalo hakuna aliyekuwa nalo zima

Abdilatif ananirudisha Pemba. Mwaka 2011 alihariri kitabu kiitwacho Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, mashairi yaliyokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Kamange na Sarahani walikuwa washairi wakubwa wa kisiwa hiki, waliishi karne ya 19 mpaka mwanzo wa karne ya 20. Walijibizana kwa mashairi. Tungo zao zilikaa miaka mingi kwenye karatasi za watu na kwenye vichwa vya watu kabla ya kukusanywa kitabuni.

Nilipofika Pemba nilikuwa na hamu ya kuwasikia, nikamuuliza mzee mmoja jirani yetu anayekaa barazani kila alasiri baada ya sala. Nilimsalimia, nikamwambia ninatafuta mashairi ya Kamange, nikaongeza kwa woga kidogo kwamba mimi ni mwanafunzi wa upadri. Akacheka. "Kaa kitako mwanangu," akasema. "Haya ni ya kila mwenye sikio."

Akaanza. Beti la kwanza likatoka vizuri, la pili akakwama. Mzee wa pembeni yake akalimalizia. Wa tatu akapinga neno moja, akasema marehemu baba yake alilisema vingine. Wakabishana pale, wakacheka, wakakubaliana, wakaendelea. Nilipoondoka magharibi inaingia nilikuwa nimegundua kitu: kati ya wale wazee hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa nalo shairi zima. Baraza ndilo lililokuwa nalo.

Vijana, sisi tumezoea kufikiri kusoma ni jambo la mtu mmoja na kitabu chake, mlango umefungwa. Kwa watu wa pwani ya Waswahili haikuwa hivyo. Shairi lilitungwa ili lisikike, ligongwe kwa shairi jingine, lijibiwe. Anayetunga anangoja jibu. Huo ni mtindo wa kusoma unaojenga watu, kwa sababu unahitaji watu ili ukamilike.

Na ona fasihi hiyo ilivyovuka mipaka ya dini. Utenzi ni bahari ya ushairi iliyokuzwa na Waislamu wa pwani. Lakini Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkatoliki kama wewe, aliuchukua utenzi huohuo akausimulia Injili: Utenzi wa Enjili Takatifu, uliotoka mwaka 1963. Baadaye akafanya hivyo pia kwa Zaburi. Upande wa pili, Abdilatif, Mwislamu, utenzi wake juu ya maisha ya Adamu na Hawaa ulichapishwa mwaka 1971 yeye mwenyewe akiwa bado gerezani. Mkatoliki kachukua chombo cha Waislamu kumwimba Kristo. Mwislamu kasimulia wazazi wetu wa kwanza, ambao ni wa wote. Hakuna aliyeacha imani yake. Walikaa baraza moja.

Mtume Paulo alifanya hivyo Athene. Soma Matendo 17. Amesimama Areopago mbele ya watu wasiolijua jina la Yesu, na anapotafuta mahali pa kuanzia anawakumbusha yaliyosemwa na washairi wao wenyewe (aya ya 28). Mmoja wao ni Aratus, mtu wa Kilikia, eneo alikozaliwa Paulo. Maana yake Paulo aliwasoma. Huwezi kumtaja mshairi wa jirani yako kama hujawahi kukaa ukamsikiliza.

Yule kijana aliyefiwa, wazee wale wa barazani walimjia chumbani kumpa mkono wa pole. Walikaa chini kwenye jamvi, hawakusema mengi. Tangu siku ile akipita anaitwa, anakalishwa, anaulizwa habari za kwao. Sasa na yeye anajua beti kadhaa za Kamange. Anakosea matamshi, wanamsahihisha. Kwao ni mbali, lakini ana watu.

4. Karafuu na makonyo

Sasa tuje kwenye hofu ya wengi. "Frateri, vitabu vingine vina mambo mabaya. Kuna ulevi, kuna uzinzi, kuna watu wanamtukana Mungu. Mkatoliki asome?"

Nikujibu Kipemba. Wakati wa mavuno ya karafuu, watu wanapanda mikarafuu mchana kuchuma vishada, na jioni familia inakaa pamoja kuchambua: karafuu upande huu, makonyo upande huu. Kazi hiyo inataka mikono mingi na stori nyingi. Asiyejua angedhani makonyo yanatupwa. Hapana. Yanakaushwa na kuuzwa pia, na hapa Pemba kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Karafuu ni karafuu na konyo ni konyo, usivichanganye. Lakini ukijua kuchambua, hata konyo lina kazi yake.

Mtakatifu Basili Mkuu katika karne ya 4 aliwaandikia vijana barua nzima juu ya jambo hili, namna ya kufaidika na vitabu vya Wagiriki wasiokuwa Wakristo. Yeye alitumia mfano wa nyuki, ambao hawatui kila ua na hata wakitua hawabebi kila kitu. Ni wazo lilelile.

Kwenye kundi letu la Jumamosi tulisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe aliyepitia seminari. Ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaja kusomwa sana. Jina lake linatoka kwenye Litania ya Bikira Maria, lakini hadithi ni chungu. Rosa analelewa na baba mkali, mlevi, anayempiga. Amekua kwa hofu, hakufundishwa uhuru. Siku anapokuwa mbali na baba hajui afanye nini na maisha yake, na anaharibikiwa mpaka mwisho wa kusikitisha.

Tulikuwa saba. Tukawa tunajadili kama kawaida ya wanafunzi: je, kosa ni la Rosa au la baba? Kaka mmoja anamtetea baba, mwingine anasema jamii. Dada mmoja ambaye kwa miezi alikuwa hasemi chochote akasema kwa sauti ya chini: "Baba wa Rosa mimi namjua."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Tulikaa kimya. Dada yule hakusema "baba yangu ananipiga", maneno hayo pengine asingeweza kuyasema mbele yetu. Lakini riwaya ilimpa mlango wa pembeni. Alisema jina la mtu wa kitabuni, na sote tukaelewa. Baadaye alizungumza na mama mmoja wa WAWATA anayemwamini, na mama yule akatembea naye katika njia ambayo si ya kuandika hapa.

Je, Rosa Mistika ina makonyo? Ina mengi tu. Lakini kuna mahubiri mangapi yangempa dada yule sentensi ile?

5. Kitabu si Sakramenti

Nisije nikaeleweka vibaya. Nina mambo matatu ya kuongeza, kwa kuwa bidii ya vitabu nayo inaweza kupotoka.

Kwanza, fasihi inaweza kuwa maficho. Mtakatifu Agustino katika Maungamo yake anajilaumu kwamba akiwa kijana alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil aliyekufa kwa mapenzi, huku hailii roho yake mwenyewe iliyokuwa inakufa mbali na Mungu. Inawezekana kabisa kutoa machozi kwa mtu wa riwayani na usimwone mwenzako wa chumbani ambaye hajala tangu jana. Ukiona vitabu vinakufanya uwakimbie watu, simama ujiulize.

Pili, kuna maumivu yanayohitaji zaidi ya kitabu. Ukiona giza halitoki wiki baada ya wiki, hulali, huli, unawaza kujidhuru, usijifungie na diwani. Nenda hospitali, mwambie mtu unayemwamini, mwite padri wako usiku huohuo. Hakuna aibu. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za mwanzo walipokaa naye chini kimya. Shida ilikuja walipoanza kutoa hotuba. Kuna wakati mtu anahitaji mtu.

Tatu, Neno lililofanyika mwili ni moja tu. Shairi linaweza kukupa maneno ya kumlilia Mungu, lakini si shairi linalokuondolea dhambi wala kukulisha Mwili wa Kristo. Misa na Kitubio hazina mbadala.

Lakini pia msije mkafikiri Kanisa linaona fasihi kama anasa. Hayati Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, tarehe 17 Julai 2024. Alianza akiwafikiria waseminari kama mimi, akaona ni ya Wakristo wote. Yeye mwenyewe akiwa kijana Mjesuiti, mwaka 1964 na 1965, alifundisha fasihi shuleni huko Santa Fe, Argentina. Wanafunzi walichoshwa na kitabu cha mtaala, wakataka García Lorca. Aliwaambia cha mtaala wasome nyumbani, darasani wakajadili wale wanaowapenda. Na katika barua ile anasema wazi kwamba kuna nyakati za uchovu, hasira na kushindwa ambapo hata sala haituletei utulivu, na kitabu kizuri kinaweza kutuvusha hadi dhoruba ipungue. Papa hakuona haya kusema hivyo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola angemwelewa: mwaka 1521, mguu umevunjwa na mzinga, kitandani miezi, aliomba riwaya za mashujaa wa vita. Hazikuwepo. Akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu, na akasoma mpaka akawa mtu mwingine.

6. Sasa tufanyeje?

Nawapa hatua rahisi, tulizozijaribu wenyewe.

Anzeni wachache. Watano wanatosha. VIWAWA au TYCS mnao tayari, au vijana wa jumuiya ndogo ndogo.

Kitabu kimoja kinatosha watu wote. Hatuna hela ya nakala saba. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu, wengine wanasikiliza. Ndivyo mababu walivyofanya na hakuna aliyekosa kitu.

Chagueni vya kwetu kwanza. Shairi moja la Sauti ya Dhiki kwa wiki. Mashairi ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtu wa bahari, katika kitabu chake cha Kimbunga. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, sasa ipo kwa Kiswahili. Mkiwa Pemba, nendeni barazani mkawaulize wazee.

Ulizeni swali moja tu mkimaliza: "Ni wapi umejiona humu?" Asiyetaka kujibu asilazimishwe. Yanayosemwa kwenye kundi yabaki kwenye kundi.

Malizieni na Zaburi. Msichague za furaha tu. Somieni hata ya 88, halafu mkae kimya dakika moja.

Mwisho, mkaribisheni jirani. Si ili kumbadilisha dini. Ni ili asikie, na ninyi mmsikie.

Maswali ya tafakari

1. Kuna maumivu gani moyoni mwako ambayo bado hayajapata maneno? Ni kitabu, shairi au Zaburi gani imewahi kuyakaribia?
2. Paulo aliwajua washairi wa Athene. Wewe unamjua mshairi gani au msimulizi gani wa mahali unapoishi?
3. Ni nani katika parokia au mtaa wako anayekaa kimya siku zote? Ungeweza kumsomea nini?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyesali Zaburi za taifa lako hata ukiwa msalabani, utufundishe kukuambia ukweli. Siku tukikosa maneno, tukopeshe ya watakatifu wako na ya wote walioumia kabla yetu. Utupe masikio ya kumsikiliza mwenzetu mpaka mwisho, bila haraka ya kumjibu. Wabariki ndugu zetu walio gerezani, walio baharini, waliofiwa mbali na nyumbani. Na pale ambapo kila mmoja wetu ana ubeti mmoja tu, utukusanye tuwe baraza moja, ili wimbo wako ukamilike kati yetu. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.